Kuku, Kengele na Viti vya Wamaori

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne. Mama yangu aliposikia aliniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nilikuwa mtunza saa wa midahalo ya umoja wetu, umoja wa Wakongo wa Louisville, Columbus na Buffalo huku Amerika, na sasa kengele nimeikabidhi. Ninyi mnaoipokea mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la sita kambini. Lakini leo nina furaha hata mkono unataka kukimbia kuliko kichwa, kwa hiyo mkikuta neno limeinama, linyoosheni mwendelee.

Vyeo sitaviandika, kwa kuwa kilikuwa kimoja tu. Mshahara ulikuwa soda ya chungwa, na ilikuwa baridi siku ambazo mama wa jikoni alikumbuka. Kazi ya kula nilikuwa nayo nyingine, kupanga maboksi ya viatu ghalani. Hiyo sijaistaafu, wala hakuna aliyeniomba niandike habari zake.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimechelewa. Basi la mji lilikuwa limesimama muda mrefu karibu na duka la matairi, dereva akizungumza kwenye simu. Mkutano ulikuwa katika chumba cha chini cha kanisa moja la Beechmont ambalo lilituazima ukumbi Jumamosi mchana. Niliingia kwa mlango wa nyuma nikakaa chini ya makoti yaliyotundikwa, mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza neno. Nilikuwa mtu wa haya. Nikiitwa jina mbele za watu, masikio yalikuwa yanapata moto.

Papa Sadoki ndiye aliyeniona. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mtunza saa wa umoja tangu midahalo ilipoanza. Aliinua mkono wa koti la mtu mwingine kama anayefungua pazia, akanitazama.

"Mutoto wa Mama Riziki. Weye unajuaka kunyamaza?"

"Ndiyo, Papa."

"Sikia, hata jibu lake ni fupi. Bon. Kuya huku."

Akanikalisha kando ya meza ndogo mbele ya watu wote. Nilitaka sakafu inimeze, lakini sakafu ya kanisa lile ni ya saruji.

Mezani palikuwa na vyombo viwili, na hivyo ndivyo mtakavyovipokea. Cha kwanza ni kengele ya kaunta, ile ya kugonga kwa kiganja, iliyonunuliwa duka la vitu vya mitumba. Cha pili ni saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Unamzungusha kuku kiuno mpaka dakika unazotaka, anatikatika, halafu analia. Kwa sababu yake, katika miji yetu yote mitatu, mtu akizidisha maneno, hata mezani kwake, hata akiwa anatongoza, utasikia: "Kuku amelia!"

Mzungusheni kuku mpaka mwisho kabisa kwanza, kisha mrudisheni kwenye dakika tano. Mkimpeleka moja kwa moja atakufa kabla ya wakati, na msemaji atakulaumuni ninyi. Msimweke juu ya meza ya chuma, anatetemeka mpaka anatembea. Na dakika ya mwisho msimtazame msemaji machoni. Tazameni viatu. Mtu anayekaribia kumaliza huinua kisigino. Mtu ambaye miguu yake yote miwili imelala chini, huyo bado ana safari.

Hayo alinifundisha Papa Sadoki. Alinifundisha pia jinsi ya kumshusha mzee. Kijana unaweza kumgongea kengele akakaa. Mzee huwezi. Kwetu mtu hawezi kumkata mzee maneno, hata kama mzee amerudia jambo lile lile mara nne. Kwa hiyo kengele ya kwanza ni salamu, kengele ya pili ni ombi, na baada ya hapo mtunza saa anaanzisha pambio. Ukumbi mzima unadakia, makofi yanaanza, na mzee mwenyewe hana njia ila kushuka akicheza. Hajakatwa na mtu. Ameitwa na wimbo. Anarudi kitini akitabasamu na jasho kidogo, na heshima yake yote iko mahali pake. Akisha kushuka hivyo, harudi tena kusema. Wimbo umefunga.

Papa Sadoki alikuwa na pambio lake la kushusha, fupi, la furaha, na sauti yake ilikuwa kama ngoma ndani ya pipa. Mimi nilimzungusha kuku na kugonga kengele. Kuimba aliimba yeye. Tulikuwa timu nzuri sana, na ningependa kuishia hapo.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na mchungaji ambaye maneno "kwa kumalizia" yalikuwa utangulizi wake. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akisikia kengele anaishukuru, "Asante mwanangu," halafu anaendelea. Lakini mgumu kuliko wote alikuwa mwenyekiti wetu, Papa Kashindi. Huyu alikuwa mtu wa Uvira, mnene, msemaji hodari, mwenye moyo mzuri. Aligundua jambo ambalo hakuna aliyeligundua kabla yake: kwamba kengele haigongwi watu wakiwa wamefumba macho. Akiona kuku anakaribia kulia, alikuwa anasema kwa upole, "Tuombe." Sote tunainamisha vichwa, na hoja yake inaendelea kwa Mungu.

"Dawa yake ni Amina," Papa Sadoki aliniambia. "Unasema Amina kwa nguvu. Batu bote banaitika. Hawezi kushindana na Amina."

Nilisema ndiyo. Moyoni nilijua siwezi.

Sasa niwaeleze habari ya Wamaori, ambayo ndiyo mliyoniomba.

Wa kwanza kufika Louisville kutoka kwetu walikuwa familia saba za milimani, kutoka nyanda za juu za Kivu ya Kusini. Papa Sadoki alikuwa mmoja wao. Mama Namahoro, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ya wazee, alikuwa mwingine. Wao ndio walioanzisha umoja. Baadaye tukaja sisi wa ziwani, kutoka Uvira, Fizi na Baraka, ndege baada ya ndege, mpaka tukawa wengi. Watu walipohamia Columbus na Buffalo kufuata kazi, umoja ulihama nao. Na kila tulipochagua halmashauri, kila mtu alimpigia kura ndugu yake, na watu wa milimani hawakupata kiti hata kimoja. Ilitokea hivyo mwaka baada ya mwaka, bila mtu kukusudia ubaya.

Basi Mama Namahoro akasimama Jumamosi moja akaomba viti viwili vya watu wa milimani, vya kudumu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, kwamba umoja ukikataa, wao watafanya umoja wao na ibada yao. Hatatukana mtu. Wataondoka tu.

Mimi nilimtazama Papa Sadoki, naye alikuwa anamtazama kuku. Kama wangeondoka, angeondoka nao. Nilihesabu haraka ni watu wangapi Marekani waliowahi kunifundisha kitu kwa uvumilivu, nikapata mmoja.

Papa Kashindi aliogopa sana jambo lile kujadiliwa wazi. "Mambo ya nani ni nani yalitutoa nyumbani," alisema. "Hatutawajadili watu waliomo chumbani. Tutajadili watu wa mbali, na tutakavyoamua juu yao, ndivyo tutakavyofanya sisi." Akamwita binti yake, Neema, aliyekuwa sekondari na aliyekuwa anamjibu baba yake kwa Kiingereza tangu alipoota meno ya pili. Neema alikuwa na kazi ya shule kuhusu Nyuzilandi. Akaieleza kwa Kiingereza, na baba yake akatafsiri akiongeza chumvi.

Kule Nyuzilandi, alisema, wako Wamaori, ambao walikuwepo kwanza. Wazungu walikuja, wakatiliana sahihi mkataba, kisha Wazungu wakawa wengi. Bungeni Wamaori wana viti vyao tangu zamani. Sasa watu wanabishana kuhusu mabaraza ya miji: Wamaori wapewe viti vyao na huko, au kila mtu agombee kama wengine? Miji mingine inakubali, mingine inapiga kura na kukataa.

"Donc, basi," alisema Papa Kashindi, "mdahalo wetu ni huo. Wamaori wapewe viti, au hapana? Louisville tutaanza, Columbus tutaendelea, Buffalo tutapiga kura."

Papa Sadoki akasimama. Akaisukuma kengele mbele yangu, kisha kuku.

"Miye Mmaori," alisema. "Mmaori hawezi kutunza saa ya mashauri yake. Elia atatunza."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

Mdahalo wa Louisville ulikwenda kwa adabu. Walisoma kwenye simu habari za mkataba na za bunge, wakasema "ndugu zetu wa Nyuzilandi" kila baada ya sentensi mbili. Upande mmoja ulisema mtu mmoja kura moja, na kiti cha kutengwa ni ukuta. Upande wa pili ulisema aliyekupokea mlangoni hawezi kuwa mgeni sebuleni. Wote walimaliza kabla ya kuku. Nilifikiri kazi hii ni rahisi.

Columbus ilinifundisha. Tulikwenda na basi dogo la kanisa, mvua ikinyesha njia nzima, mpaka ukumbi wa kukodi kule Westerville. Watu wa Columbus hawana subira na mafumbo. Mama Vumilia, mpishi wao mkuu, mtu wa Baraka, alipanda akaanza vizuri na mabaraza ya miji, halafu ulimi ukateleza.

"Hawa Wamaori tunawapenda. Lakini tuseme ukweli! Kila mkutano Wamaori wanaleta maziwa! Maziwa asubuhi, maziwa mchana! Nani aliwaambia watu wote wana tumbo la ndama?"

Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja wa milimani, Semu, fundi wa magari, aliruka bila kuitwa.

"Bora maziwa! Wazungu wa Nyuzilandi wakikaanga samaki zao za ndagala, majirani wanaita zimamoto!"

"Wazungu gani? Weye unaniita miye Muzungu?"

"Si mulikuja nyuma mukakuwa wengi? Basi Wazungu njo nyinyi!"

"Elia, gonga kengele!"

Nilikuwa ninagonga. Nilikuwa ninagonga kwa mikono miwili, na hakuna aliyesikia, maana Mama Vumilia alikuwa amekaa chini kwa kicheko, analia machozi na kumwonyesha kidole mumewe: "Muzungu wangu huyu hapa! Mumutazame! Ametoka Baraka!" Kwa siku ile yote weusi wote wa ziwani waliokuwa Westerville walikuwa Wazungu, na hakuna aliyekasirika. Nadhani hapo ndipo kitu kilianza kulegea, ingawa hatukujua.

Kisha Papa Kashindi akapanda, akarudisha utulivu, na alizungumza vizuri kuliko wote.

"Mimi nimetoka nchi," alisema, "ambako kiti kilikuwa na jina la kabila kabla mtu hajakikalia. Ukizaliwa hivi, unakaa pale. Ukizaliwa vile, unasimama. Nilitembea kwa miguu kuikimbia nchi hiyo. Sasa mnaniambia niitengeneze tena hapa Amerika, kwa mikono yangu?"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilisahau kutazama viatu. Kuku akalia. Nikagonga moja. Nikagonga mbili. Papa Kashindi akanitazama kwa huruma.

"Tuombe," alisema.

Vichwa vikainama. "Ee Bwana," alisema, "wafunulie Wamaori kwamba kura ni kura. Bwana, unajua mabaraza ya miji. Unajua, Baba, kwamba katika kifungu cha pili cha hoja yangu..."

Nilipaswa kusema Amina. Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umelala kama mtu wa zamu ya usiku. Papa Sadoki alikuwa safu ya tatu, macho yamefumbwa, na niliona kidole chake kikigonga goti: sasa, sasa, sasa. Sala ilifika kifungu cha tatu. Ghafla kutoka nyuma ikasikika "Amen!" ya Kiingereza, kali kama filimbi. Ilikuwa Neema. Ukumbi mzima ukaitika. Papa Kashindi alifumbua jicho moja akamtafuta binti yake, lakini alikuwa ameshashindwa.

Nje, tukipanda basi dogo, Neema alinipita akaniambia kwa Kiingereza kwamba Buffalo hataniokoa. Papa Sadoki alikaa kando yangu. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili cha kanisani, anachokitumia akiwa hataki utani.

"Elia, saa bila sauti ni pambo la ukutani."

"Nitajaribu, Papa."

"Na usinionee huruma. Tukiondoka, tumeondoka. Wewe tunza saa sawasawa kwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo zawadi yangu."

Niliitikia kwa kichwa. Njia nzima kurudi nilifanya mazoezi ya pambio lake la kushusha, kimyakimya, ndani ya kola ya koti.

Buffalo tulifika kukiwa na theluji. Ukumbi ulikuwa Riverside, mtaa wa nyumba ndogo za mbao, karibu na mto mkubwa ambao upande wa pili wake ni nchi nyingine. Mlangoni makoti yalikuwa yamelundikana mpaka msumari mmoja ulikuwa umebeba matano. Watu wa miji yote mitatu walikuwepo. Sambusa zilikuwepo, ndagala walikuwepo, maziwa yalikuwepo, ndoo nzima, na Mama Vumilia alikuwa ameshakunywa kikombe.

Mama Namahoro alisema wa kwanza. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Hakutumia hata dakika zake zote.

"Papa Kashindi amesema vizuri," alianza. "Hata mimi nilikimbia viti vile. Lakini pale kiti kilitumika kumtoa mtu. Sisi tunaomba cha kumwingiza. Kila mwaka mnatuhesabu, na kila mwaka sisi ni wachache. Tutakuwa wachache mpaka tufe, hilo silo kosa la mtu. Mmaori hasemi awe juu ya mtu. Anasema, mnapopanga mambo ya nyumba aliyoifungua yeye, na yeye awe chumbani. Basi."

Akashuka. Kuku alikuwa bado anatikatika, nikaona aibu kwa niaba yake.

Papa Kashindi alifuata, wa mwisho, na baada yake ilikuwa ni kura. Alizungumza juu ya haki. Alizungumza juu ya watoto wetu, ambao hawajui nani wa wapi, na tusiwafundishe. Miguu yake yote miwili ilikuwa imelala sakafuni kama mifuko ya unga. Kuku akalia. Nikagonga moja. Akasema, "Kwa kumalizia." Nikagonga mbili. Akavuta pumzi, akainua mikono, na niliona midomo yake ikijipanga kusema "Tuombe."

Nikasimama. Kiti changu kilianguka nyuma yangu kwa kishindo, na watu wote wakanitazama. Neema alikuwa amekunja mikono. Papa Sadoki alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Nikafungua mdomo nitoe pambio la kushusha, na pambio la kushusha halikuwepo. Lilikuwa limetoweka lote, maneno na sauti. Kwa hofu nilitoa wimbo uliokuwa chini kabisa, wa kwanza niliousikia Amerika, siku niliposhuka kwenye ndege Louisville na mama yangu, na watu wasionijua wakatuimbia katikati ya mizigo:

"Karibuni, tuliwangoja, karibuni..."

Ni pambio la kupokea wageni.

Nilijua kosa langu mara moja. Lakini watu wetu, wimbo ukianza, hawaulizi kwa nini. Waliinuka. Makofi yakaanza. Na pambio la kupokea lina kawaida yake, mnaijua: wenyeji wanasimama mbele kwa mstari, wageni wanazunguka wakicheza, wanapita na kuwashika mikono waliowapokea.

Watu wa Buffalo wakaenda mbele, kwa kuwa ukumbi ni wao. Hapo Mama Vumilia akapiga kelele juu ya wimbo: "Mwenyeji gani weye, Papa Ruben! Si miye nilikupokea kule Columbus ukiwa na sanduku lililofungwa kamba?" Papa Ruben wa Buffalo akacheka, akatoka mstarini, akaja nyuma yake. Watu wa Columbus wakasimama mbele kwa majivuno. Lakini wale wa Columbus walipokewa na wa Louisville. "Na weye nani alikupokea?" "Na weye?" Watu walikuwa wanagongana, wanaitana, wanavutana mashati, watoto wanapita chini ya mikono, kila mtu anamtafuta wa kumfuata, na kila aliyefika mbele anakumbuka mtu wa nyuma yake. Mimi niliendelea kuimba kwa sababu niliogopa kitakachotokea nikinyamaza. Sauti yangu ilikuwa inapasuka. Ilikuwa tamu sana! Sikujua kama ninayo.

Mwishowe mstari ulijipanga wenyewe. Mbele kabisa walisimama watu wa zile familia saba, Papa Sadoki na Mama Namahoro kati yao, wanatazamana. Wao hawakuwa na mtu wa kumfuata. Wao walipokewa na mtu mmoja asiyejua lugha yao, ameshika kikaratasi chenye majina. Sisi wote tuliobaki, watu wa ziwani wa miji yote mitatu, tulikuwa foleni moja inayozunguka ukumbi mara mbili, na tulikuwa tunaelekea kwao.

Papa Kashindi alikuwa amebaki peke yake juu, mikono bado iko hewani. Akaishusha. Akaanza kucheza, maana lazima ushuke ukicheza, akaja mpaka mwisho wa foleni, na watu wakampisha mbele. Akasimama mbele ya Mama Namahoro. Wimbo ulififia wenyewe, kila mtu alitaka kusikia.

"Koti lilikuwa la kahawia," alisema Papa Kashindi.

"La kijani," alisema Mama Namahoro.

"Mama, nililivaa baridi mbili. La kahawia."

"Nililifua kwa mikono yangu nikakuletea uwanja wa ndege. Ulikuwa na kandambili na unatetemeka kama kuku wa Elia. La kijani."

Papa Kashindi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa. Pale hakuna aliyeuliza kama ni jasho.

"Miye sijabadilika," alisema akitugeukia. "Kiti cha kabila sikitaki. Bon. Lakini kiti cha aliyefungua mlango, hicho nakitaka. Viwili. Viitwe hivyo, viti vya waliopokea. Siku watoto wao wakikaa humo, wajue kazi yake ni kwenda uwanja wa ndege. Mama, unakubali?"

"Nani atabeba makoti?"

"Mwenyekiti atabeba."

"Nakubali."

Mikono iliinuliwa. Hatukuihesabu, kwa kuwa hatukuona mahali pasipo na mkono. Papa Sadoki alikuja mezani kwangu, akamwinua kuku, akampuliza kama anayefuta vumbi.

"Ulikosea pambio," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Mbaya sana." Na akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Tulipokuwa tunakula, Mama Namahoro aliinua kichwa kutoka sahani yake.

"Na hao Wamaori wenyewe? Walipata viti vyao?"

Miji mitatu, mabishano yote yale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Neema akatoa simu, akasoma, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akijibu kwa Kiswahili, taratibu, akichagua maneno: "Mahali pengine, ndiyo. Mahali pengine wamekatazwa. Bado wanabishana." Akaongeza kwamba nao wana kawaida ya kupokea wageni kwa wimbo, wenyeji mbele, wageni wanakuja.

"Basi ni watu wetu," alisema Mama Namahoro. Akaondoka mezani, akaenda mlangoni penye lundo, akarudi na koti lake zito, la kijani, akalitundika peke yake kwenye msumari wa ndani.

Mimi nilistaafu baada ya hapo kwa sababu rahisi. Mtunza saa hana upande, na mimi tangu siku ile sinyamazi. Nikiona mdahalo, mkono unapanda wenyewe. Jumamosi iliyopita kuku alinililia mimi, na nikasema "kwa kumalizia." Waliniimbia, nikashuka nikicheza.

Kwa hiyo mrudisheni kuku nyuma kabla ya kumweka, na jifunzeni mapambio mawili, si moja. Pamoja na kengele, mtakaokuwa Riverside mtapokea lile koti. Si la ukumbi, msilivae hata baridi ikiwashika. Lifueni kila mwaka kabla ya theluji. Ni la Mmaori wa kwanza atakayefika.